Siasa za nje za China bila Kichina?

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kusoma uzamili wa uhusiano wa kimataifa wa China hukohuko China wakati Kichina hujui. Unaweza. Fudan, pale Shanghai, wana uzamili wa Siasa na Diplomasia ya China kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Peking wana Yenching Academy, programu ya uzamili wa masomo ya China kwa Kiingereza, iliyopokea kundi la kwanza 2015. Ada usikimbilie kulipa mfukoni. Jaribu kwanza ufadhili wa serikali ya China kupitia ubalozi: ada, bweni, na posho ya yuan 3,000 kwa mwezi. Uwe chini ya miaka 35.

Ila darasani ni Kiingereza, maktabani ni Kichina, na hapo ndipo wengi tulikwama. Chukua maneno mawili tu, "hexin liyi", yaani maslahi ya msingi. Ukiyakuta kwenye tamko la Beijing kuhusu Taiwan, ujue hapo hawapunguzi bei. Kwenye tafsiri utayapita bila hata kushtuka. Anza lugha sasa hivi.

Tasnifu? Achana na Ukanda na Njia, ule mpango wa China wa kujenga miundombinu nchi za nje, kila mtu anaiandika (mimi nikiwemo, najuta). Tazama kura ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 25, 1971, iliyoipa Beijing kiti cha China, kilichokuwa kimeshikwa na Taiwan. Salim Ahmed Salim alikuwa balozi wetu Watanzania kwenye Umoja huo kule New York, na Tanzania ilikuwa upande wa Beijing. Wazee wanaoikumbuka enzi ile bado wapo Dar na Zanzibar, nawe utawahoji kwa Kiswahili.