Moshi wa Tooele na hesabu ya saratani

SWALI: Mhariri, tumehamia Tooele, Utah, na maziwa na nyama ya mbuzi tunanunua kwa wafugaji wa Rush Valley. Majirani wanasema huko ndiko jeshi la Marekani lilikochomea silaha za kemikali. Nasikia kikomo cha hatari ya saratani kwa matanuri ya aina hiyo ni mtu 1 kati ya 100,000. Hesabu hiyo hufanywaje, nami niulize nini?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, tanuri hilo lilifanya kazi kuanzia 1996 hadi 2012, likateketeza sarini na VX (sumu za neva) na gesi ya haradali. Gesi ya haradali husababisha saratani, ila motoni huharibika karibu yote. Kinacholemea hesabu kwa kawaida ni dioksini, kemikali ya sumu iletayo saratani, ambayo hujiunda moshi unapopoa, kati ya nyuzi 450 na 200 za Selsiasi. Ndiyo sababu moshi hupozwa ghafla kwa maji: ukipoa polepole, dioksini huongezeka.

Dioksini haimfikii mtu kwa pua sana. Hutua kwenye majani, mnyama akala, ikakaa katika mafuta yake na kutoka na maziwa. Kwa hiyo mfugaji anayekula mazao yake hupigiwa hesabu tofauti na mkazi wa mjini, na mtoto anayenyonya hupigiwa ya peke yake.

Chukua kiasi cha dioksini anachokula mtu kwa siku kwa kila kilo ya mwili wake, kwa miligramu. Zidisha kwa siku 350 za mwaka na kwa miaka 40 ya mfugaji, gawanya kwa siku 25,550 (yaani miaka 70), kisha zidisha kwa 150,000, kipimo cha ukali wa dioksini. Kwa mfano wa kujifunzia tu, pikogramu 0.1 (pikogramu ni sehemu moja ya bilioni ya miligramu) kwa kilo kwa siku huleta watu 8 hivi kati ya milioni 1. Kikomo ulichosikia ni sawa na 10 kwa milioni, kwa hiyo hatari hiyo iko chini ya kikomo, lakini kwa nafasi ndogo.

Hapo ndipo pa kuuliza. Moshi hupimwa wakati wa uchomaji wa majaribio, tanuri likiwa limeandaliwa vizuri. Kwa ajili ya siku mbovu, mwongozo wa 2005 wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, huzidisha dioksini na kemikali nyingine za kaboni kwa 2.8 pale ambapo tanuri halina takwimu zake. Je, walizidisha? Na maabara ilipoandika "haikupatikana", waliweka sifuri au kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kuona? Sifuri hapo ni kosa kubwa.

Usitulizwe na maneno "wagonjwa hawajaongezeka". Katika watu 20,000, hatari ya 8 kwa milioni haifikishi hata mgonjwa mmoja, ilhali 8,000 hivi kati yao watapata saratani maishani kwa sababu nyingine. Daftari la wagonjwa haliwezi kuiona tofauti hiyo.

Omba ripoti ya tathmini kwenye idara ya mazingira ya jimbo, ufungue sehemu ya mfugaji. Orodha ya kawaida ya mwongozo ina ng'ombe, nguruwe, kuku na samaki. Mbuzi hayumo, kwa hiyo uliza kama familia inayokunywa maziwa yake ilihesabiwa.