Simu Inasema Washington, Maisha Yangu Yako Lexington

SWALI: Shikamoo mama. Nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa naishi Lexington, Kentucky. Serikali ya shirikisho iliniajiri mwaka 2022 nifanyie kazi nyumbani siku zote. Tangu Rais Trump asaini agizo la Januari 20, 2025 la kurudisha watumishi ofisini, mara naambiwa nitahamia Washington, mara nisubiri. Juzi msimamizi wangu kanipigia nijiandae kuhama. Mume wangu anasafishwa damu hapa mara tatu kwa wiki, na watoto wanasoma. Niache kazi kabla hawajaniachisha?
Mama Watoto, Lexington

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Usiandike barua ya kuacha kazi. Nimestaafu kwenye idara ya utumishi ya serikali hiyo hiyo, na niliowaona wakiumia zaidi ni walioondoka kwa hofu kabla karatasi yoyote haijawafikia. Ukijiuzulu kwa sababu ya simu tu, unaweza kujinyima malipo ya kuachishwa kazi ambayo pengine ungestahili.

Leo usiku fungua faili lako la kielektroniki la utumishi, utafute fomu SF-50 ya karibuni, yaani karatasi rasmi ya kumbukumbu za ajira yako, ushuke hadi kisanduku cha 39. Hapo ndipo kituo chako cha kazi kilipoandikwa. Kikiwa Lexington, basi nyumbani kwako ndiko kituo, na kukupeleka Washington ni uhamisho wenye taratibu zake. Kikiwa Washington, wewe kwa hesabu zao ni mtu wa ofisini aliyeruhusiwa kukaa nyumbani, na ruhusa hiyo inafutika kirahisi. Linganisha na mshahara, maana nyongeza unayolipwa kulingana na eneo hufuata kituo hicho: mwaka 2025 kwa Lexington ilikuwa asilimia 17.06, Washington 33.94. Nakala za fomu hizo, mkataba wako wa kufanyia kazi nyumbani na tathmini zako ziweke nje ya kompyuta ya ofisi, maana siku wakikufungia akaunti hutaziona tena.

Huo mkataba usome wote. Ukikuta kifungu kinachosema umekubali kuhamishwa popote, kinaweza kukunyima malipo ya kuachishwa kazi ukikataa kwenda. Kama hakipo, mtumishi wa kudumu aliyetimiza mwaka mmoja mfululizo, akiondolewa kwa kukataa kuhamia mbali, kwa kawaida huyapata.

Kuhusu mume wako nitasema wazi, kwa sababu wengi hapa hupotezwa na ushauri wa vijiweni. Sheria ya kumrekebishia mtumishi mazingira ya kazi kwa ajili ya ulemavu humhusu mtumishi mwenyewe. Ugonjwa wa mwenzi hauingii humo. Unachoweza kudai ni likizo ya kuuguza familia, hadi wiki 12 ndani ya miezi 12. Haina malipo, ila waweza kutumia siku zako za likizo ulizojiwekea, na haiwi lazima uichukue kwa mkupuo. Kwa ratiba ya kliniki ya mara tatu kwa wiki, hilo ni jambo kubwa sana.

Kisha mwandikie msimamizi barua pepe fupi, ya heshima: kituo kipya ni kipi, tarehe ipi, na gharama za kuhama atalipa nani? Uhamisho wa mbali kwa manufaa ya serikali mara nyingi huambatana na malipo hayo, lakini yapate kwa maandishi kabla hujatafuta nyumba. Omba pia upangiwe ofisi ya idara yako iliyo karibu, kama ipo Louisville au Cincinnati. Mwongozo uliofuata agizo lile uliwataka wakuu wawapangie walio zaidi ya maili 50 kutoka ofisi yoyote ya idara, ofisi iliyo mwafaka zaidi, na hakuna aliyesema lazima iwe Washington. Kama nafasi yako ina chama cha wafanyakazi, mpe mwakilishi nakala siku hiyo hiyo.

Jibu likija, nitumie tena, ila futa kwanza namba zako za utambulisho.