Alama ya 46 imewekwa, simu bado zinakatika

Swali: Ninasimamia mtandao wa chama cha akiba na mikopo chenye ofisi kuu Mbeya mjini na tawi Tukuyu. Mpango wetu wa ubora wa huduma, yaani wa kuamua data ipi itangulie kwenye laini, unaipa sauti nafasi ya kwanza, mfumo wa miamala nafasi ya pili, na mengine yote yanafuata. Fundi ameuingiza kwenye ruta na sauti ina alama ya DSCP 46 (namba iliyoandikwa kwenye kila pakiti, yaani kila kifurushi cha data, kuomba itangulizwe), lakini ikifika saa nne asubuhi simu kati ya ofisi hizi mbili zinakatika-katika. Laini ni ya megabiti 10 kwa sekunde. Je, tununue ruta kubwa zaidi?

Jibu: Msinunue. Kipaumbele hufanya kazi kwenye foleni, na pasipo foleni hakuna wa kutangulizwa. Yaelekea mlango wa nje wa ruta yenu umeungana na kifaa cha mtoa huduma kwa kasi ya gigabiti 1, hivyo kila pakiti hutoka papo hapo, na msongamano hutokea mbele yake, pale laini inapobanwa hadi megabiti 10, mahali ambapo alama yenu haiheshimiwi mpaka mkataba useme hivyo. Ni kama kupanga magari ya dharura Uyole ilhali malori yamekwama Tunduma.

Dawa ni kuirudisha foleni kwenu. Sera ya nje, yaani kanuni ya ruta inayofunika madaraja yote, ibane mtiririko wote unaotoka hadi megabiti 9.5 hivi, na ndani yake ndiyo muweke madaraja ya mpango wenu. Sauti ipewe kipaumbele chenye ukomo: simu kumi za G.711 (namna ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data), kila moja ikila takriban kilobiti 80 kabla ya biti za ziada zinazoongezwa na Ethernet, mfumo wa nyaya za mtandao, hazizidi megabiti 1. Miamala ihakikishiwe sehemu yake, ambayo wengine wataiazima ikiwa haitumiki. Fanyeni hivyo ofisi zote mbili, kwa sababu ruta hutawala inachokituma tu, si inachokipokea.

Kinachonichosha ni mafundi wanaonakili usanidi wa mtu mwingine, wakabadilisha majina ya madaraja, wakaandika ankara. Nimewahi kukuta ruta moja Iringa ambayo kila kitu, hadi nakala rudufu za usiku, kilipewa alama ya 46. Yaani hakuna kilichotangulizwa. Wengine humwahidi mteja kwamba kazi hii itaongeza kasi ya laini, jambo lisilowezekana, maana ubora wa huduma huamua tu nani asubiri na pakiti ya nani itupwe.

Kabla ya kumlipa yeyote, mwambie akufungulie kaunta za foleni (hesabu ya pakiti inayotunzwa na ruta) laini ikiwa imejaa. Pakiti zilizotambuliwa kwa alama zitapanda hata usanidi ukiwa butu, kwa hiyo zisikuridhishe; tazama zilizosubiri na zilizotupwa katika daraja la chini. Zikiwa sifuri saa nne hiyo hiyo simu zinapokatika, foleni bado iko kwa mtoa huduma.