Barua kwa mwanangu: panga safari kwa maji, barabara itafuata

Salim mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma, unauliza kama wiki mbili za Agosti zinatosha wewe na mwenzio kuzunguka pwani nzima ya Uingereza kwa gari, mnapiga mbizi kila siku, muanzie hapa kwangu Plymouth, mpande upande wa magharibi mpaka Scapa Flow kule Orkney halafu mshuke mashariki mpaka kwenu Leeds. Hazitoshi mwanangu. Na hata kama zingetosha nisingekushauri, manake hapa hadi Scrabster kwenye feri ya Orkney ni zaidi ya kilomita 1,100, mtakuwa watu wa kuendesha tu, mnafika mmechoka na mnaingia majini mmechoka, hicho kitu mi sikitaki kabisa.

Halafu nimeiangalia ramani yako, umeweka mahoteli, umeweka pakingi, umeweka petroli, lakini sijaona popote ulipoandika siku hiyo mwezi uko wapi. Babu yako kule Tanga hatoi ngalawa bila kujua kama ni bamvua, siku za maji makubwa, au maji mafu, siku za maji madogo, na kule maji yanapanda na kushuka kama mita 4 hivi. Bristol Channel siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 14! Yale maji yote lazima yapite mahali, na yanapita kwenye kisiwa cha Lundy, yanapita katikati ya kisiwa cha Skomer kule Wales na bara, yanakwenda mbio kiasi kwamba hakuna mapezi ya miguuni yatakayokusaidia. Kwa hiyo Wales unaiweka karibu na nusu mwezi, siku za maji mafu, na hata hapo unasubiri maji yasimame ndo unashuka, na kila sehemu ina saa yake ya kusimama, si lazima iwe saa ileile iliyoandikwa ya kujaa au kupwa bandarini. Muulize nahodha, usikadirie.

Sasa mi ningefanya hivi. Kwanza hamisha safari iwe Septemba. Bahari hapa inachelewa kupata joto, Septemba huku kusini bado unapata nyuzi 16 au 17, watoto wamesharudi shule, barabara za Cornwall zinapitika. Scapa Flow iache, ile ni safari yake peke yake. Zile meli 7 kubwa za Wajerumani zilizobaki, kati ya zile walizozizamisha wenyewe Juni 1919, zimelala kati ya mita 25 na 45, na kadi yako ya kupiga mbizi inaishia mita 30, na boti za kule watu wanazibuku miezi mingi kabla. Ukienda mwaka mwingine nenda wiki nzima, na Royal Oak, ile meli ya kivita ya Uingereza iliyozama pale, ujue haiguswi, lile ni kaburi la watu 835.

Hapa Plymouth mtaanza na James Eagan Layne, meli ya mizigo ya Marekani iliyopigwa torpido Machi 1945 ikazama Whitsand Bay. Nzuri kwa kuzoea vifaa vyenu vya mbizi, haina kina kirefu, mbavu zake zimebaki wazi na mwanga unaingia kutoka juu, samaki wamejaa humo makundi kwa makundi. Jirani yake kuna Scylla, manowari iliyozamishwa makusudi 2004 iwe makazi ya samaki, hiyo iangalieni kwa nje tu, ndani kuna tope na vyuma vinaporomoka na watu wamekufa humo. Na ukiokota chochote kwenye meli iliyozama sheria inakutaka uripoti serikalini ndani ya siku 28, kwa hiyo usiokote.

Kutoka hapa muende Martin's Haven kule Pembrokeshire, mnaingilia ufukweni bila boti, ila kutoka kwenye gari ni mteremko mkali na kurudi na mtungi wa hewa mgongoni utausikia. Halafu Lochaline kule Scotland, kwenye Sound of Mull, pale milima inakinga upepo, hata huko nje kukichafuka mara nyingi boti zinatoka. Lakini nisikilize hapa, ile barabara ya Glencoe inayorudi kusini inapanda zaidi ya mita 300, na mwili uliotoka chini mita 30 bado una gesi ndani, ukipanda juu mapema inaweza kukudhuru, kwa hiyo mkimaliza mbizi ya mwisho lala palepale pwani, muondoke kesho yake.

Mmalizie upande wa mashariki, St Abbs halafu Seahouses. St Abbs mi naipenda kuliko zote. Unatoka pale bandarini unaogelea kidogo tu mpaka Cathedral Rock, mwamba wenye tao unapita katikati yake, na ukuta mzima umefunikwa matumbawe laini, meupe na ya rangi ya chungwa, huoni jiwe. Upepo wa mashariki ndo adui yake, ukivuma siku mbili tatu maji yanakuwa meupe kama maziwa, hapo usilazimishe. Seahouses mnachukua boti ya kwenda visiwa vya Farne kuwaona sili, wale wanyama wa baharini. Msiwafukuze, tulieni chini, watakuja wenyewe na kuguguna mapezi.

Kwa hiyo ni vituo vitano, na kila kimoja muache siku tupu ya hali ya hewa. Drai suti zote mbili, yaani suti zisizoingiza maji, manake kule juu maji ni nyuzi 13 hivi, boya la kuashiria kila mtu na lake, na likitokea la kutokea piga 999 useme Coastguard.

Mitungi nayo, kukaguliwa ndani kila miaka miwili na nusu, kupimwa kwa presha kila miaka 5, ikipita tarehe hakuna wa kukujazia. Nipigie picha tarehe zilizogongwa shingoni, yako na ya mwenzio, unitumie leo usiku. Boti ya hapa Plymouth niachie mimi, nahodha nitaongea naye nikishapata tarehe zenu za Septemba.

Mamako