Maswali ya Wasomaji: Nianzie wapi kunakili mchoro wa maziko ya Yesu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana mchora mabango wa Majengo, Moshi. Najifunza rangi za mafuta kwa kunakili mchoro wa Caravaggio, mchoraji wa zamani wa Italia, wa Yesu akipelekwa kaburini, lakini nyuso zote zimekuwa kama tope na tabaka la chini linanata hadi leo. Mzee mmoja wa parokia yetu ananiambia kwamba kunakili ni kuiba. Je, niendelee?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Endelea bila wasiwasi. Caravaggio alifariki mwaka 1610, na miaka michache tu baadaye Rubens, ambaye tayari alikuwa mchoraji mwenye jina kubwa, aliunakili mchoro huohuo, huku akibadilisha baadhi ya mambo kwa kadiri alivyoona inafaa. Nakala yake imehifadhiwa Ottawa, Kanada. Mwambie mzee wetu, kwa heshima, kwamba wizi ungekuwa kuiuza kazi yako kana kwamba ni ya Caravaggio. Andika nyuma ya kitambaa ulichochorea kwamba ni nakala, kisha utie jina lako.

Tope linatokana na kuchanganya nyeupe na nyeusi zikiwa bado mbichi ili kupata kivuli cha ngozi. Caravaggio alikiandaa kitambaa chake kwa rangi ya giza, akaupandisha mwanga juu yake, na sehemu kubwa ya vivuli vyake ni ule msingi wenyewe ulioachwa uonekane. Nawe paka kwanza kitambaa kizima rangi ya kahawia ya udongo, iache ikauke kabisa, halafu weka sehemu zenye mwanga peke yake. Usianze na nyuso. Anza na mkono wa kulia wa Yesu, ule unaoning'inia hadi vidole vinaligusa jiwe: tazama jinsi mwanga unavyoshuka kutoka begani, unavyofifia penye kiwiko, na jinsi mshipa unavyoonekana bila kuchorwa mstari hata mmoja. Kwa maoni yangu, mkono huo unafundisha uzito wa mwili usio na uhai kuliko uso wowote katika mchoro ule, na anayeuweza hatababaishwa na machozi ya akina Maria.

Angalia pia vipimo. Mchoro halisi, uliopo Vatikani, una urefu wa sentimita 300 na upana wa 203. Kwa hiyo kitambaa cha sentimita 90 kwa 61 kitakufaa, ilhali cha mraba kitakulazimisha kuwabana watu au kuwakata.

Kuhusu kunata, rangi ya mafuta haikauki kama ya maji. Mafuta yake huvuta hewa ya oksijeni na kuganda polepole, na baridi yetu ya Juni na Julai huchelewesha zaidi. Tabaka la chini liwe jembamba, lenye tapentaini (kimiminika cha kuzimulia rangi) zaidi na mafuta kidogo, na mafuta yaongezeke kadiri unavyopanda juu. Ukigeuza utaratibu huo, rangi itapasuka baadaye. Fungua madirisha unapotumia tapentaini, na matambara uliyofutia mafuta ya kitani, yaani mafuta ya kuchanganyia rangi, yatandaze nje yakauke, kwa maana yakirundikwa pamoja huweza kupata joto na kushika moto yenyewe.