Funga daraja kabla ya kununua bodi

Ndugu yangu, umeuliza kama ubadilishe bodi nzima (kiwiliwili) ya gitaa lako la umeme aina ya Stratocaster ili upate daraja (kipande cha chuma kinachoshika nyuzi juu ya bodi) lisilocheza, kwa sababu kila unapovuta uzi mmoja zile nyingine zinashuka sauti. Kwa maoni yangu, bado hujafika huko.

Daraja lako limesimama kati ya mvuto wa nyuzi na mvuto wa springi zilizo mgongoni, kwa hiyo dawa ni kuzuia mwendo huo. Fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu mbili zinazoshika springi hadi daraja lilale juu ya bodi, kisha umwombe seremala hapa Moshi akuchongee kipande cha mninga mkavu (mbao mbichi itasinyaa na kulegea) kitakachobana barabara kati ya bonge la chuma la daraja na ukuta wa bodi, upande wa mkia wa gitaa. Usitie gundi, ili uweze kukitoa ukibadili nia.

Bodi mpya inafaa tu ikiwa hii ya sasa imepasuka au imechakaa. Hapo hakikisha kwamba tundu la shingo linalingana na shingo yako, na kwamba daraja litakaa mahali pake: kwa nyuzi zenye urefu wa milimita 648, kutoka freti ya 12 (kile kijiti cha chuma cha kumi na mbili kilicholala juu ya shingo) hadi darajani ni milimita 324, na skrubu za darajani hurekebisha tofauti ndogo tu.