Mlo na wahusika wa Disney: jibu kwa mama wa Moshi anayesafiri na bibi na watoto wawili

Dada, swali lako sisi tulilijadili hapa nyumbani Arusha jioni nyingi kabla ya kusafiri, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu. Kwa wengine watakaosoma: anaondoka Moshi na mumewe, mama mkwe wake, binti wa miaka 8 na kijana ambaye hajatimiza 3. Watafikia kwa wifi yake Tampa, na wametenga siku chache za Walt Disney World kule Orlando, mahali penye bustani za michezo na hoteli za Disney. Anauliza kama inafaa kulipia mlo ambao wahusika wa katuni wanapita meza hadi meza, na kama uwezo ni wa mlo mmoja tu, waule ndani ya kasri la Cinderella au kwingine.

Lipieni mmoja. Uwe wa asubuhi, uwe hotelini na si ndani ya bustani, na muuchague kwa kumwangalia binti yenu alivyo. Kasri liacheni.

Nianze na suala la saa, maana wengi wanaoeleza milo hii ni Wamarekani na hili letu halijawakuta. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba Orlando iko nyuma yetu kwa saa 7, na miezi ya baridi kwa saa 8. Ukikata meza ya saa 1 jioni siku zenu za kwanza, mwili wa mtoto unajua ni saa 8 usiku wa Moshi. Nimewaona watoto wangu wakisinzia na uma mkononi, na huwezi kumlaumu mtoto kwa hilo. Asubuhi mambo yanageuka yote. Saa 10 alfajiri watoto wako macho, wanataka kula, wanataka kutoka. Meza ya saa 2 asubuhi kwenu ni saa 9 alasiri, mtoto amechangamka kabisa. Ndiyo maana nasisitiza mlo wa asubuhi, tena mapema katika safari, kabla miguu ya bibi haijachoka na kabla watoto hawajapishana na Mickey mara nyingi mpaka akawa wa kawaida kwao.

Sasa hoteli au ndani ya bustani. Mikahawa iliyo ndani ya bustani nne za pale (Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom) huifikii bila tiketi ya kuingia siku hiyo, na kila mwenye miaka 3 na kuendelea analipiwa. Ukikaa saa nzima na nusu mezani ndani ya bustani, muda huo umeukata kwenye tiketi uliyoinunua kwa bei kubwa. Mikahawa ya hoteli za Disney haihitaji tiketi. Mnaweza kuiweka siku ya mapumziko, mkala taratibu, bibi akapumzika kwenye ukumbi wenye baridi nzuri, kisha mkarudi Tampa bila kukimbizana. Wifi yako akiwaendesha, amwambie mlinzi wa getini kwamba mna nafasi ya chakula pale, nanyi mtaegesha bila kulipia. Mkahawa wa Chef Mickey's uko hoteli ya Contemporary, 'Ohana iko Polynesian, Cape May Cafe iko Beach Club, Topolino's Terrace iko Riviera, na 1900 Park Fare iko Grand Floridian. Zote hizo asubuhi kuna wahusika.

Hapa ndipo pa kutulia na kufikiri. Wahusika wako wa aina mbili, na tofauti yao ni kubwa kwa mtoto wa Kitanzania kuliko watu wanavyodhani. Kuna waliovaa vichwa vikubwa: Mickey, Minnie, Donald, Goofy, Pluto, Winnie the Pooh na Tigger. Hawa hawasemi neno. Wanakumbatia, wanacheza, wanajibu kwa mikono na kichwa. Halafu kuna wenye sura ya binadamu, yaani mabinti wa kifalme, Aladdin na wenzao. Hawa wanaongea, wanamuuliza mtoto jina, ametoka wapi, anapenda nini, na wanaongea Kiingereza.

Kijana wangu mkubwa wakati ule alikuwa shule ya msingi ya Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Kwa Goofy alikuwa sawa na mtoto mwingine yeyote mle ndani, kwa sababu Goofy hakuhitaji lugha. Walipigana mweleka wa kuigiza, wakapimana urefu, wakafanya utundu wao, na mwanangu akacheka kwa sauti. Angepelekwa kwa binti wa kifalme akaulizwa maswali matatu mfululizo, angeinamisha kichwa mpaka aondoke. Na wala si woga. Ndivyo tulivyowalea: mkubwa akisema, mtoto ananyamaza na kusubiri. Watoto wa kule wanamrukia mhusika na kumkatiza maneno, wetu wanasimama pembeni kwa adabu wakingoja waitwe. Kwa hiyo mtayarishe mtoto mapema, umwambie kwamba pale ni ruhusa kumsogelea, kumuuliza, hata kumwomba acheze naye.

Binti yako umesema anasoma shule ya Kiingereza na anampenda Cinderella. Basi yeye atafaidi wanaoongea. Mfanyieni mazoezi ya maswali mawili matatu ya kumuuliza, ili muda ukifika asibaki kutabasamu tu. Zile dakika mbili za kuzungumza ndizo mnazozilipia kuliko chakula.

Kwa mdogo, fikirini upande wa pili. Vichwa vile vikubwa vinaweza kumtisha mtoto wa miaka miwili. Binti yangu mdogo alijificha chini ya meza Tigger alipokaribia. Tigger mwenyewe alimwona, akasimama mbali, akampungia mkono kidogo kidogo akaenda zake. Aliporudi baadaye mtoto alikuwa ameshatoa kichwa nje. Hawa watu wanaijua kazi yao, hawamlazimishi mtoto. Ila ukitaka kipimo kabla hujalipa, mkumbuke kwenye sherehe za kuzaliwa pale mjini zinapokodiwa zile katuni za kucheza na watoto: je, anaikimbilia au anakukimbilia wewe?

Kwa familia yenu mimi ningechagua 1900 Park Fare asubuhi. Ilifunguliwa upya Aprili 2024, ni bufee, na wanaopita mezani ni Cinderella, Tiana, Mirabel (wa filamu ya Encanto) na Aladdin. Binti anampata Cinderella wake bila tiketi ya bustani, na mdogo anakutana na sura za watu tu. Na Tiana, dada, usimpuuze. Ni binti wa kifalme mweusi, wa kwanza kwa Disney, na mtoto wetu anapoinamiwa na mtu wa rangi yake aliyevaa taji, akaitwa kwa jina lake, kuna kitu kinafanyika usoni mwake. Mimi mama mzazi nilishindwa kupiga picha vizuri. Hilo peke yake lingetosha kunirudisha pale.

Mickey hayupo kwenye mlo huo. Siku mtakayoingia Magic Kingdom, Mickey anapokea wageni kwenye Town Square Theater, karibu kabisa na mlango mkuu. Mnapanga foleni, mnapiga picha, hamlipi zaidi ya tiketi mliyonayo. Na hii ndiyo njia ya wale ambao bajeti imebana kabisa: mabinti wa kifalme pia wana ukumbi wao Fantasyland, unaitwa Princess Fairytale Hall. Mlo unakuondolea foleni na kukupa kiti, basi. Kwa sababu mnasafiri na bibi, kiti kina thamani kubwa.

Kasri sasa. Mkahawa wake, Cinderella's Royal Table, uko ghorofani ndani ya kasri lenyewe, madirisha yake yanatazama Fantasyland, na kwa uzuri hauna mpinzani. Lakini unahitaji tiketi ya Magic Kingdom, bei yake iko juu ya nyingine nyingi, nafasi zinaisha upesi, na mnaweza kutembea hadi mbele ya kasri hilo hilo bure na kupiga picha. Kama moyo wa binti uko kwa mabinti wa kifalme wengi kwa mara moja, mkahawa wa Akershus kwenye banda la Norwe, EPCOT, ni chaguo ninaloliheshimu zaidi, ingawa nako ni ndani ya bustani.

Mahali pengine ambapo ningewapeleka kwa ajili ya bibi ni Tusker House, Animal Kingdom, kama siku moja mtakuwa huko kwa vyovyote. Sehemu ile inaitwa Harambe. Ni mji wa kubuni uliojengwa ufanane na miji ya pwani ya Afrika Mashariki, wenye kuta zilizochubuka na mabango ya Kiswahili, na hatua chache tu kutoka mezani kuna safari ya magari inayoitwa Kilimanjaro Safaris. Mama yangu alitembea pale akisoma mabango kwa sauti, wajukuu wakimfuata nyuma. Wahusika ni Donald, Daisy, Mickey na Goofy wakiwa na nguo za safari, na vyakula ni vya viungo vya Kiafrika pamoja na vya kawaida vya watoto. Usitegemee mtori wala machalari, lakini mama yangu alikula akashiba, na kwenye safari nzima hilo halikutokea mara nyingi. Usichanganye na Boma, iliyoko hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Boma ni bufee yenye vyakula vya Afrika na sifa nzuri, ila wahusika hawapiti.

Kuhusu kuweka nafasi: milango inafunguliwa siku 60 kabla ya siku ya mlo, kwenye tovuti yao au programu ya simu, saa 12 asubuhi ya Orlando. Kwenu Moshi hiyo ni saa 7 mchana, au saa 8 mchana kama ni miezi yao ya baridi, saa nzuri kabisa ya kukaa na simu mkononi. Wanaolala hoteli za Disney wanaruhusiwa kukata siku zao zote kwa pamoja hadi siku 10, kwa hiyo nyinyi wa Tampa mtakuta baadhi ya meza zimeshachukuliwa. Msikate tamaa. Kadi ya benki inawekwa kama dhamana, na asiyetokea anatozwa dola 10 kwa kila mtu, lakini kufuta inaruhusiwa hadi saa mbili kabla. Ndiyo sababu watu wengi wanaachia meza jioni ya kuamkia siku yenyewe. Endeleeni kuangalia. Mkiandika nafasi, hesabuni kila kichwa pamoja na mtoto mchanga, na hapo hapo andikeni mahitaji ya chakula. Asubuhi nyama nyingi za mezani ni za nguruwe, kwa hiyo familia za Kiislamu waseme mapema, na mwenye kisukari vilevile. Sisi mpishi mwenyewe alitoka jikoni akatuonyesha kipi ni kipi.

Hesabu yenu itakuwa hivi. Mtoto chini ya miaka 3 halipi kwenye bufee, wa miaka 3 hadi 9 analipa bei ya mtoto, na kuanzia 10 ni mtu mzima. Bufee nyingi za wahusika zinacheza kwenye dola 50 hadi 70 kwa mtu mzima kutegemea mahali na mlo. Bei hiyo haina kodi wala bakshishi, kwa hiyo ongezeni karibu robo juu yake kabla hamjaamua. Na mkiongozana na wifi na mumewe mtafika watu 6 au zaidi, na hapo bakshishi ya asilimia 18 huwa inawekwa moja kwa moja kwenye bili. Someni bili vizuri msije mkailipa mara mbili.

Mkishakaa, mwulizeni mhudumu wahusika wangapi wanazunguka na wako wapi kwa sasa. Wanakwenda kwa mpangilio, ukimwona yuko meza mbili kutoka kwenu hakuna kuinuka kufuata mayai. Nendeni kuchukua chakula kwa zamu, mmoja abaki na watoto. Daftari la mtoto la kukusanyia saini za wahusika likae wazi na kalamu nene pembeni. Na akija mhusika, simu ishikwe na mtu mmoja tu, wengine muwe kwenye picha, hasa bibi, maana yeye ndiye atakayesema "pigeni nyie tu" halafu mrudi Moshi bila hata picha yake moja.

Mkishajua tarehe ya ndege kutoka KIA, itaje hapa na siku mnayofikiria ya mlo, nikuhesabie siku ya 60 inaangukia lini na saa ngapi za kwetu.